Lima ipo baharini, mvua iko wapi?

Leo kidato cha tano nimewaandikia majina mawili tu ubaoni, Mtwara na Lima (mji mkuu wa Peru), nikawaambia wafungue atlasi. Mtwara nyuzi 10 kusini, Lima 12, zote pwani, ila huku mvua inacheza kwenye milimita 1,000 kwa mwaka na Lima hazifiki hata 50, jiji kubwa vile limekaa jangwani na bahari ipo mlangoni! Darasa kimyaa. Wameshakariri kwamba ukiwa karibu na bahari unapata mvua (notisi za kununua zinasema hivyo hivyo, mtu anajaza anapata maksi anaenda zake).

Kijana mmoja, baba yake mvuvi, akasema "madam, labda bahari yao ya baridi". Hapo hapo. Maji ya baridi yanapoza hewa iliyo juu yake, hewa inakuwa nzito haipandi, unabaki na ukungu na mawingu ya chini miezi kibao, na bado hewa nyingine iliyopandia ikweta inakuja kushukia maeneo hayo inazidi kukandamiza.

Sasa baridi inatoka wapi na jua lote lile la tropiki? Nikatoa beseni jeupe lenye maji vuguvugu na barafu za ubuyu za mama wa getini. Ukiziweka tu, wekundu unashuka nyuzinyuzi mpaka chini, unatulia huko. Binti mmoja mbishi (nampenda sana huyu, asiambiwe) akadai madam hiyo ni sukari sio baridi, na kweli sukari imo na inaongeza uzito wa maji, ndo kazi ya chumvi baharini hiyo, tukabishana hapo muda mzuri tu. Nikamwambia basi puliza juu ya maji, polepole, usiache. Maji ya juu yakakimbilia upande wa pili, wekundu ukaanza kupanda upande wake, madawati yakaburuzwa kila mtu anataka kuona. Peru upepo unavuma kuelekea kaskazini sambamba na pwani, mzunguko wa dunia unayapeleka maji ya juu kushoto, yaani nje baharini, ya chini yanapanda kujaza nafasi na yanakuja na virutubisho, ndo maana wana dagaa wale wa kutisha.

"Na upepo ukilegea?" Elinino hiyo. Joto linarudi Peru, jangwa linafurika, na 1997 Bahari ya Hindi nayo ilichemka upande wetu, vuli ikapitiliza mpaka 1998. Ila nikawaambia wasiisingizie elinino kila mafuriko, mwishoni mwa 2019 Pasifiki (bahari ya huko Peru) ilikuwa imetulia tu na bado Afrika Mashariki tuliogelea, joto la Bahari ya Hindi upande huu lilitosha.

Kazi ya nyumbani ni Walvis Bay, Namibia, jangwa jingine linalogusa bahari, waniambie upepo unavuma kutoka wapi kwenda wapi. Za kukopi nitazijua.