Siku moja maishani mwangu: kuunga kasti Malava

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya chai nawasha makaa nyuma ya nyumba. Kazi ya leo ni mguu wa mashine ya posho, wote wa kasti, yaani chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, umepasuka kando ya tundu la bolti. Kuna fundi aliyetangulia kuuchomelea kwa stima na vijiti vya kawaida. Weldi yake imeshika, ila chuma kimekatika upya pembeni yake tu. Kasti ina kaboni asilimia 2 hadi 4. Ukiichoma ghafla ikapoa ghafla, sehemu inayopakana na weldi hugeuka ngumu, ikavunjika kama chupa.

Saa moja. Napaka mafuta taa, nafuta, kisha chaki. Mstari wa ufa unalowa polepole na kufika mbali kuliko nilivyoona kwa macho. Mwisho wake natoboa tundu dogo ili ufa usizidi kukimbia. Nachimba mfereji kwa grainda, namalizia kwa tupa, maana grainda hupakaza grafaiti, ile kaboni nyeusi iliyo ndani ya kasti, na brasi ninayoungia haishiki hapo.

Saa tatu anafika mwenye mashine.

"Fundi, watu wamepanga debe zao. Nirudi saa ngapi?"

"Kesho asubuhi, mama."

Amenuna, na ana haki. Mashine ikilala hakuna pesa. Lakini afadhali anune leo kuliko kuurudisha mguu huu wiki ijayo.

Saa nne, makaa yamekolea. Napasha kipande kizima, si penye ufa pekee, kisha nawasha gesi. Brasi huyeyuka karibu nyuzi 900, kasti yenyewe inataka zaidi ya 1,100, kwa hiyo chuma hakiyeyuki hata kidogo. Boraksi, unga wa kusafishia chuma, inatoa povu, inatulia, inang'aa. Nagusisha kijiti cha brasi. Brasi ikijikunja tone, chuma bado ni baridi au kichafu. Ikitoa moshi mweupe, nimezidisha moto: hiyo ni zinki iliyo ndani ya brasi inaungua, na moshi wake huleta homa, ndiyo maana banda langu liko wazi pande mbili. Leo inatambaa yenyewe mpaka chini ya mfereji. Napenda sana kuiangalia hapo.

Saa sita nafukia kipande chote kwenye majivu makavu, kipoe polepole.

Mchana ni bawaba za geti na jembe la jirani.

Saa kumi na mbili jioni simu inalia. "Fundi, bado?" Naweka kiganja juu ya majivu: yana joto. Kesho aje na bolti zake, tufunge na kuwasha mashine kabla hajalipa.