Safari ya India Isiyokuwa ya Matibabu

Tangu niwaambie majirani kwamba Januari ijayo, Mungu akipenda, mimi na mama tutakwenda India, nimepewa pole nyingi kuliko hongera. Jirani wa kwanza alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anayeumwa. Wa pili aliahidi kutuombea dua baada ya sala ya Alfajiri. Mzee mmoja anayeuza samaki hapa Wete, Pemba, alinisimulia habari za mkwewe aliyepasuliwa moyo huko na akarudi mzima, na alinisimulia kwa upole mkubwa ili anitie moyo. Siwalaumu hata kidogo. Kwetu visiwani, kwa miaka mingi, anayekwenda Oman amekwenda kwa jamaa zake, anayekwenda China amekwenda kununua bidhaa, na anayekwenda India amekwenda kutafuta afya ambayo hakuipata hapa. Kwenda huko kwa matembezi tu, mtu akiwa na nguvu zake na hana barua ya daktari mkobani, ni jambo ambalo hata mimi mwenyewe miaka michache iliyopita ningeliona kuwa ni la watu wengine.

Mama alikwisha kufika India. Mwaka 2016 alimsindikiza marehemu baba Chennai, wakakaa wiki tano. Baba alipona, akaishi miaka minne mingine, na akafariki nyumbani kwake huku sisi wote tukiwa naye, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini ukimwuliza mama India ikoje, atakueleza ukumbi wa kungojea hospitalini, chumba cha kupanga cha ghorofa ya tatu, duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara, na treni. Chumba chao kilikuwa karibu na reli, na usiku, baba alipopata usingizi, mama alikuwa akisimama dirishani kuyatazama mabehewa yakipita na taa zake, na ndani yake watu wamelala vitandani kama walio majumbani mwao. Yeye ni mtu wa Pemba, kisiwa kisicho na reli, na hata ile reli ya Bububu iliyokuwapo Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 aliisikia katika hadithi tu. Mara moja walikwenda pwani ya Marina, siku mbili kabla ya kurudi, wakakaa mchangani nusu saa kwa sababu baba alichoka upesi. Hapo ndipo baba alipomwambia kwamba watarudi siku moja wakiwa hawana miadi na daktari yeyote.

Neno hilo mama hakunitajia mpaka mwaka jana. Ndilo lililonifanya ninunue daftari.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ninautazama sasa kwa huruma. Nimeandika Mumbai, Delhi, Agra, Jaipur, Ajmer, Hyderabad, Chennai, na pembeni, kwa kalamu nyingine, mpwa wangu anayesoma Unguja ameongeza Kashmir. Yote hayo kwa siku 20. Nilikuwa nimefungua ramani mezani, na kwenye ramani kutoka Delhi hadi Chennai ni urefu wa kidole changu cha shahada. Mtu aliyezaliwa kisiwani ana kipimo chake cha ndani ambacho hajui kuwa anacho: Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na ukiondoka Wete asubuhi utafika mji wa Mkoani upande wa kusini, utamaliza shughuli yako na kurudi kabla ya Magharibi. Nchi yote, kwa kipimo hicho, ni kitu cha kuzungukwa. India ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 3.28, yaani zaidi ya mara 3,000 ya kisiwa chetu, na kile kidole changu cha shahada kilikuwa kilomita 2,200 za reli, mchana na usiku kucha na zaidi. Nilipokaa kuhesabu saa za njiani kati ya mji na mji, niligundua kwamba karibu nusu ya siku zetu tungezimaliza tukiwa tumeketi, na nusu iliyobaki tungekuwa tunapumzika kutokana na kuketi huko. Mama angeiona India tena kupitia dirishani.

Kwa hiyo kazi ya kupanga iligeuka ikawa kazi ya kufuta. Sikufuta kwa kupenda. Vitu vitatu vilinifutia, navyo ni karafuu, mwezi na hali ya hewa. Karafuu za msimu huu ziko majamvini, na mama hawezi kuondoka kisiwani kabla ya konyo la mwisho kukauka na mzigo wa mwisho kupimwa kituoni, kwa sababu fedha za safari zinatoka humo na pia kwa sababu hajapata kuuacha msimu maishani mwake. Ramadhani ijayo itaingia mapema Februari, na sote wawili tunataka kuwa nyumbani kuvunja jungu na watoto. Baina ya karafuu na mwezi inabaki Januari, nayo Januari ina sura mbili katika nchi kubwa kama ile. Kaskazini, Delhi na nyanda zake, ni majira ya baridi na ukungu mzito, ambao huchelewesha treni kwa saa nyingi, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kusini, katika majimbo ya Kerala na Tamil Nadu, ambako ndiko iliko Chennai, mvua zimekwisha kupita, jua ni la kiasi, na jioni pana upepo wa bahari. Mama hajawahi kumiliki koti.

Nilivyokuwa nikisoma habari za majira hayo nilifurahi kukuta kwamba ni pepo zetu zilezile. Kusi inayotuvumia sisi katikati ya mwaka huvuka mstari wa ikweta, ikapinda na kuwa mvua inayofika pwani ya Kerala karibu na tarehe 1 Juni kila mwaka. Na kaskazi ya Januari ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya India na Bara Arabu hapa kwetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi wa Aprili akiwa na rubani aliyeijua njia hiyo, akafika Calicut, katika pwani hiyo ya Kerala, chini ya mwezi mmoja. Aliporudi bila kungojea upepo wake, bahari ilimshika karibu miezi mitatu na mabaharia wake wengi wakafa. Sisi tutakwenda Januari, kaskazi ikitupiga usoni, jambo ambalo nahodha yeyote wa zamani angelikataa. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai haijali.

Agra ndiyo iliyoniuma kuifuta. Taj Mahal nimeijua tangu skuli, kwa picha iliyobandikwa nyuma ya daftari langu la hesabu. Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba hufungwa kwa watalii kila Ijumaa na kwamba kwa treni ya haraka kutoka Delhi ni chini ya saa mbili, kwa hiyo unaona nilivyokuwa nimefika mbali katika kuitamani. Nilimweleza mama kwamba Shah Jahan aliijenga kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631, na kwamba ujenzi wote ulichukua miaka 20 hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kuchambua karafuu. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo ni mume aliyemlilia mkewe. Mimi nakwenda kwa neno la mume wangu, na neno lenyewe liko Chennai." Nilichukua kalamu nikapiga mstari.

Tulichobaki nacho ni hiki: tutatua Mumbai, tutapumzika siku mbili, kisha tutapanda ndege ya ndani hadi Chennai, kwa kuwa magoti ya mama hayastahimili treni tatu ndefu. Kutoka Chennai tutapanda treni ya usiku hadi Kochi, mji wa bandari wa Kerala, takriban kilomita 700 na saa 12. Tutakaa Kerala siku nane, na kutoka Kochi tutarudi Mumbai kwa treni inayopita reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998 kati ya milima na bahari, yenye mahandaki zaidi ya 90 na madaraja yapatayo 2,000. Nimezitafuta picha zake usiku mwingi kuliko inavyofaa kwa mtu anayeamka mapema kwenda kazini.

Mpwa wangu alipoliona pendekezo la Kerala hakuridhika. Alisema, kwa adabu lakini kwa kusisitiza, "Mtatumia fedha zote hizo mwende mkaone minazi?" Nilikaa na swali hilo siku kadhaa kwa sababu lina haki yake. Lakini Kerala naitaka kwa sababu hiyohiyo aliyoikataa. Katika mji wa Alappuzha, kusini ya Kochi, watu wameishi kwa kamba za usumba kwa vizazi vingi, na kiwanda cha kwanza cha usumba huko kilifunguliwa mwaka 1859. Wanaloweka makumbi ya nazi katika maji ya nyuma ya pwani yao, kama wanawake wa Pemba wanavyoyafukia ufukweni, kisha huyatoa, huyapiga na kuyasokota. Mama amefanya kazi hiyo tangu utotoni, viganja vyake bado vina alama zake, na nilipomwonyesha kwenye simu mwanamke wa huko akisokota kamba kwa kutumia gurudumu, aliniomba niirudishe picha ile mara nne. Kisha akauliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria: makumbi yao wanayaacha majini miezi mingapi? Nililiandika daftarini. Ni swali bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika mimi.

Huko huko pana mashua kubwa ziitwazo kettuvallam, zilizokuwa zikibeba mpunga na viungo, ambazo mbao zake hushonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja. Siku hizi nyingi zimefanywa nyumba za kuelea kwa wageni. Msomaji wa pwani yetu ataukumbuka mtepe mara moja, jahazi letu la kushonwa, ambalo mfano wake ulikuwa ukionyeshwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka Desemba 2020. Mtepe haupo tena baharini. Kwamba ndugu yake bado yumo majini upande wa pili wa bahari hiyohiyo, na kwamba mtu anaweza kuketi ndani yake akanywa chai, ni habari ambayo ingenitosha kuwa sababu ya safari nzima. Tutalala ndani ya mashua hiyo usiku mmoja. Kochi yenyewe tutaitembea polepole, pamoja na maghala ya viungo ya Mattancherry, ambako nataka kunusa kama karafuu inanukia vilevile ikiwa mbali na kwao.

Mambo ya treni yamenifundisha subira. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za njia zinazopendwa huisha upesi, kwa hiyo katikati ya Novemba nitakuwa mbele ya kompyuta kabla ya kwenda kazini, nikikumbuka kwamba wao wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ninatafuta behewa lenye kiyoyozi na vitanda viwili kila upande, na kwa mama kitanda cha chini, kwa sababu kupanda ngazi ya kitanda cha juu hawezi. Ratiba yao huandikwa kwa saa 24, nami nimeitafsiri yote kwa saa za Kiswahili kwenye ukurasa mmoja wenye maandishi makubwa ili mama asinitegemee kwa kila kitu: treni ya saa 3 usiku, kufika saa 3 asubuhi, na katikati yake mahali pa sala za msafiri. Aliusoma, akaukunja, akautia ndani ya msahafu wake.

Fedha nimezigawa katika bahasha, na sitalizungumza sana jambo hilo kwa kuwa kila nyumba ina hesabu zake. Mama alifurahi kusikia kuwa huko wanatumia rupia. Bibi yake alizihesabu rupia hapa hapa Pemba, kabla shilingi haijachukua nafasi yake mwaka 1936, na mpaka anafariki alikuwa akitaja bei za vitu vya zamani kwa rupia.

Limebaki jambo la pasipoti. Ya mama imekwisha muda wake, na Jumatatu nitampeleka kuomba nyingine, kisha tuombe viza kwa njia ya mtandao. Jana usiku tulijaza karatasi ya majaribio pamoja, mimi nikisoma na yeye akijibu. Tulipofika kwenye dhumuni la safari alinyamaza kidogo, akaniomba nimletee pasipoti ya zamani kutoka sandukuni, akafungua ukurasa wenye viza ya mwaka 2016 iliyosema kuwa yeye ni msindikizi wa mgonjwa, akaupapasa kwa kidole. Kisha akaniambia niandike matembezi. Nilipokuwa nafunga daftari aliniuliza kama watu wa pasipoti huichukua ile ya zamani moja kwa moja au huirudisha, kwa sababu yeye angependa kubaki nayo. Nimemwahidi kwamba nitauliza kabla hatujaikabidhi.