Rampu ya shuleni: tulipofikia

Jumamosi tumevunja rampu ya zamani, yaani njia ya mteremko ya kupandia kwa kiti mwendo, ya shule ya msingi ya mtaani kwetu. Baraza la madarasa liko juu sentimita 45 kutoka ardhini, na rampu yenyewe ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu tu. Mtu mzima akisukuma kiti mwendo pale alikuwa akihema, na kushuka ndiko kulikotisha zaidi. Kipimo kinachokubalika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu: ukipanda sentimita 45, unahitaji mita 5.4. Shabaha ni mtoto apande mwenyewe, bila kungoja wenzake wambebe.

Mbele ya darasa kuna mfereji wa maji ya mvua, kwa hiyo rampu mpya tumeilaza sambamba na ukuta. Juu, mbele ya mlango, tumeacha sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, ili mtoto ageuze kiti na kufungua mlango bila kurudi nyuma.

Zege limemwagwa Jumatano. Fundi alitaka kusakafia mpaka ing'ae. Nikamwomba avute fagio gumu juu ya zege bichi, kukatisha mteremko, lipate mikwaruzo. Masika yakifika, sakafu laini ni hatari hata kwa anayetembelea magongo. Pembeni kuna kingo za sentimita 10 za kuzuia magurudumu yasichomoke. Sasa tunamwagilia asubuhi na jioni, magunia juu.

Choo ndicho kinachoniuma. Mtoto asiyeweza kuingia chooni hujizuia kunywa maji tangu asubuhi, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Tumebomoa ukuta kati ya matundu mawili, tumeweka mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje (akianguka ndani, mwili wake hauuzuii), na bomba la chuma la kushikilia ukutani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 inazitaja shule waziwazi. Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi sikuomba hisani.

Bado madawati. Yetu yameunganishwa na benchi, kiti mwendo hakiingii. Seremala ameshachukua vipimo vya meza iliyo wazi chini. Mbao tunanunua wiki ijayo, baada ya hapo vyuma vya kushikilia pembeni mwa rampu.