Kujikosoa huanza na "ni-"

Mwezi wa sita, mtama ukishapurwa na magunia yakahesabiwa, mkulima wa Dodoma hupata nafasi ya kukaa na daftari lake. Sentensi ya kwanza huwa ileile: "Mwaka huu mvua imetuangusha." Huenda ni kweli. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati hukatika. Ila mvua haisikii ukiikosoa.

Kiswahili chetu kina maficho mengi. "Shamba lilichelewa kupaliliwa." Nani alilichelewesha? Irudishe "ni-" mahali pake: "Nilipalilia wiki ya 6 baada ya kupanda, magugu yamefika magotini; nilipaswa kuingia wiki ya 2 au ya 3." "Sikupunguzia miche, nikaacha mitano kwenye shimo la miwili." Sasa kosa lina tarehe na idadi, unaweza kulishika. Ukiona mkono unataka kuandika "lakini", weka nukta.

Wengine hukosea upande wa pili: "Mimi mvivu, mimi sina akili ya kilimo." Hiyo inafanana na unyenyekevu, kumbe ni kujilaumu tu. Uvivu wote huwezi kuutengeneza kwa msimu mmoja. Wiki ya 6 unaweza kuirudisha iwe ya 3.

Halafu jiulize kwa nini, zaidi ya mara moja. Kwa nini wiki ya 6? Vibarua hawakuja. Kwa nini? Sikuwa na hela mkononi. Kwa nini? Niliuza magunia yote Julai, bei ikiwa chini. Hapo ndipo kosa lilipo, miezi 6 nyuma ya magugu, na dawa yake inaandikika: gunia 2 zisiguswe hadi Januari, ni za palizi. Makosa matatu kwa msimu yanatosha. Ukiandika kumi hutarekebisha hata moja.

Kwenye kikundi, anayeanza ni mwenyekiti, tena anaanza na la kwake. Mwalimu Nyerere alipoandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, alijiweka na wenzake ndani ya neno lenyewe: "tu-". Kiongozi akianza na la mwanachama, wengine wote watakuja na utetezi.

Na kama kosa lako lilimuumiza mtu, daftari halitoshi. Mfuate kwake, umwambie sentensi ileile yenye "ni-", umalize, unyamaze, umsikilize.

Ukurasa huo wa makosa usisubiri Juni nyingine. Ufungue mwishoni mwa Novemba, jembe likiwa bado ukutani.