Ushauri Ulionifikia Kama Onyo

Leo jioni, baada ya kipindi chetu cha Kiingereza hapa Osaka, mwanafunzi wangu mmoja, bibi mstaafu mwenye adabu nyingi, alinisikia nikikohoa, akaniambia: “You had better go to the hospital.” Nilinyamaza kidogo, kwa maana masikioni mwangu maneno hayo yalibeba onyo, kwamba nisipokwenda na likinipata la kunipata, nisimlaumu mtu. Nikamsahihisha papo hapo kwamba aseme “should”. Alishtuka, akainama kuomba radhi, kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba neno hilo aliliepuka kwa makusudi, ili asinivunjie heshima.

Nilielewa nikiwa ndani ya treni. Wajapani wengi wamezoezwa shuleni kufasiri “should” kwa “beki da”, usemi mzito unaomkumbusha mtu wajibu wake, na “had better” kwa “hō ga ii”, ambao hulinganisha mambo mawili na kuelekeza kwa upole kwenye lililo jema zaidi, kama sisi tunavyomwambia mgonjwa, “Afadhali uende hospitali.” Katika Kiingereza uzito umekaa kinyume: “should” ndilo jepesi, na nyuma ya “had better” kuna madhara yanayongoja. Kwa hiyo bibi yule, kwa mizani aliyopewa, alikuwa amenichagulia neno laini kuliko yote, nami nikamrudishia kana kwamba amenikemea. Tena hata sahihisho langu halikutosha, kwa sababu mtu anayemshauri mwalimu wake angehitaji kulainisha zaidi, aseme labda “It might be good to see a doctor.”

Wiki ijayo tutafika kwenye “must”, na sitaki kurudia kosa hili. Wao hulifasiri kwa “nakereba naranai”, yaani jambo lisipofanyika haifai. Je, watalipokeaje “You must come to dinner”, ambalo ni ukarimu mtupu? Nitawauliza kwanza ni neno gani la Kijapani walilokuwa nalo moyoni, ndipo niguse Kiingereza chao.

Usiku huu nimemwandikia bibi yule ujumbe mfupi wa kumwomba radhi, nikamwarifu kwamba kesho asubuhi nitakwenda kwa daktari.