Injini ya yoti ikichemka, fuata maji

Kwenye yoti yenye dizeli ndogo, dalili ya kwanza ya joto huonekana shetrini, kwenye ekzosi. Maji yanapungua, mlio unakuwa mkavu, kisha unatoka mvuke mweupe. Geji hufuata baadaye. Tena kama maji ya ndani ya injini (yale ya kuipoza, si ya bahari) yamevuja, sensa ya geji hubaki hewani na mshale unaweza usipande kabisa. Kwa hiyo kila ukiwasha, chungulia nyuma.

Maji yakikata, zima injini, tweka tanga au tia nanga. Mfuniko wa maji ya injini usiufungue mpaka upoe kiasi cha kushikika kwa kiganja. Belti iliyolegea au kukatika utaiona upesi, kwa hiyo anza nayo.

Maji ya bahari hupita koki (vali ya tundu la chini ya boti), chujio, pampu yenye impela ya mpira (kigurudumu chenye mapanga), kipoozeo (lile silinda lenye vijibomba ndani), kiwiko cha ekzosi, kisha nje. Igawe njia hiyo katikati ujue kosa liko upande gani. Funga koki, chomoa hozi inayoingia kwenye pampu, unganisha kipande kingine kifike kwenye ndoo ya maji, washa kwa nusu dakika. Maji yakitoka vizuri nyuma, kosa liko kabla ya pampu: mfuko wa plastiki au mwani umeziba tundu, au chaza wameota ndani ya koki, jambo la kawaida kwa boti iliyolala miezi kadhaa katika hori la Kilifi. Au ni oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya mfuniko wa chujio. Hiyo hudanganya wengi, maana chujio lililo juu ya usawa wa bahari halidondoshi tone. Linavuta hewa tu. Ukiona viputo ndani yake injini ikiwaka, badilisha oringi na uipake grisi ya silikoni.

Ndoo isiposaidia, fungua pampu. Kwanza hakikisha koki imefungwa na uning'inize ufunguo wa injini kwenye mkono wa koki, asije mtu akawasha. Impela ikizunguka kavu hupikika upesi mno, hata chini ya dakika moja. Nyingi za injini hizi zina mapanga sita. Yahesabu. Likikosekana moja, limesukumwa mbele na mara nyingi limekwama mdomoni mwa kipoozeo. Chomoa hozi pale, litoe kwa plaizi ya mdomo mrefu, uviunge vipande mezani mpaka panga litimie. Anayepachika impela mpya na kufunga bila kutafuta vipande ataifungua tena, pengine wiki ileile.

Impela mpya ipake glisirini au sabuni ya vyombo, kamwe si grisi ya gari, kwani mafuta hayo huvimbisha mpira. Yabane mapanga kwa taitai (ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya) yalale kinyume cha mzunguko, ingiza, taitai iteleze nje. Gasketi iwe ya unene uleule wa awali. Nene zaidi inaacha nafasi na pampu inakosa nguvu ya kuvuta. Mfuniko uliochimbika unaweza kugeuzwa, mradi upande wa pili ni laini. Kama tundu dogo lililo chini ya pampu linadondosha maji, sili imechoka, na inayofuata kuharibika ni beringi.

Pampu nzima na bado joto? Vipande vya zinki (ile inayowekwa kuzuia kutu) vilivyomeguka huziba kipoozeo. Kiwiko nacho hujaa masizi na chumvi. Dalili yake ni moshi mweusi na injini isiyofikisha mizunguko yake.

Injini ikigoma kuwaka, usikae unapiga stata koki ikiwa wazi. Pampu inazidi kusukuma maji, hakuna moshi wa kuyatoa, na yakijaa kwenye ekzosi hurudi mpaka ndani ya silinda za injini.

Ikishapona, kinga ndoo chini ya ekzosi kwa dakika moja kwenye mizunguko unayoijua, pima lita, ziandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha injini.