Kiota Sikionyeshi

Mara tatu mwaka huu nimeulizwa swali lilelile na wageni waliokuja Lindi kutazama ndege, na mara zote tatu jibu langu limewaudhi. Wanataka kujua kiota cha tai wa kishungi kiko wapi. Wanaouliza si watu wabaya. Wengi wao wanawajua ndege kuliko mimi, wamesafiri mchana kutwa kutoka Dar es Salaam, wamelala Mtama katika nyumba ya wageni ambayo feni yake husimama kila umeme unapokatika, na wamebakiwa na siku mbili tu kabla ya kurudi. Nawajibu kwamba tai nitawaonyesha, ila kiota sikionyeshi. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kwa malipo aliyotoa alitarajia zaidi, nami nikamrudishia nusu ya fedha yake, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe hadi leo.

Inafaa nimweleze kwanza ndege mwenyewe, kwa sababu vijijini kwetu karibu kila ndege mkubwa mwenye kucha huitwa tai au mwewe, na lawama za vifaranga wote walioibiwa hugawanywa kati ya hao wawili. Tai wa kishungi ni wa msituni. Mbawa zake ni fupi na pana, mkia wake ni mrefu, hivyo anaweza kukata kona katikati ya miti akimfuata kima au ngedere, na jike, ambaye hufikisha kilo nne hivi, anaweza kumuua mnyama mzito kuliko yeye. Hula pia pimbi na paa wadogo. Katika misitu ya pwani inayoanzia Kilwa na kushuka hadi uwanda wa Rondo, mahali palipobaki miti mirefu na kima, huenda na yeye yupo.

Hesabu ya uzazi wake ndiyo inayonitisha. Jike hutaga yai moja au mawili na kuatamia kwa siku 50 hivi. Wakianguliwa wawili, mkubwa humuua mdogo, kwa hiyo anayebaki daima ni mmoja. Kinda hukaa kiotani yapata miezi mitatu na nusu, na hata akisharuka huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingine tisa hadi kumi na mmoja. Ukijumlisha yote unapata mwaka na robo hivi, na ndiyo maana jozi inayofanikiwa kulea kwa kawaida huzaa mara moja tu katika miaka miwili. Kuku wa jirani yangu akipoteza mayai kumi leo, mwezi ujao atataga mengine. Kwa tai huyu, yai moja lililopoa ni msimu mzima uliopotea.

Nayajua haya sasa. Miaka sita iliyopita nilikuwa nayajua nusu tu.

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Mzee mmoja mrina asali, ambaye sitamtaja jina wala kijiji chake, alinionyesha mti mkubwa kwenye mteremko wa bonde, na katika panda yake, juu sana, kulikuwa na lundo la vijiti pana kama kitanda cha kamba. Tuliona majani mabichi yakining'inia ukingoni mwa vijiti vile vikavu. Hiyo ndiyo dalili: tai huyu hutandika kiota chake kwa matawi yenye majani mapya, kwa hiyo ukikuta kijani juu ya lundo la kijivu, ujue mwenyewe yumo. Chini ya mti palikuwa na taya la kima lenye meno yote na mifupa myembamba iliyokauka. Mzee alisema kiota kile amekiona tangu alipokuwa kijana akimfuata baba yake kurina.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wageni wanne. Mzee alikataa kuja nasi. Alisema, “Mwanangu, yule ana macho kuliko nyinyi na hayo madude yenu,” nami nikacheka, nikamwachia sukari na majani ya chai, nikaondoka. Wageni walikuwa na kamera zenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, na kutoka mahali tuliposimama kulikuwa na matawi mawili yaliyoziba kiota. Niliyakata mimi. Hakuna aliyeniamuru, mgeni mmoja alisema tu kwamba ni bahati mbaya matawi yale yapo, nami nilikuwa na panga mkononi na hamu ya kumridhisha. Jike aliinuka taratibu ukingoni, akatutazama, kishungi kimesimama, kisha akaruka bila sauti na kutua ng'ambo ya bonde. Tulikaa pale saa moja na nusu tukingoja arudi ili apigwe picha akitua. Hakurudi tukiwapo. Jua la saa sita lilipita katika tundu lile nililolifungua mimi mwenyewe na kupiga moja kwa moja ndani ya kiota.

Niliporudi peke yangu baada ya wiki mbili, majani ya ukingoni yalikuwa yamesinyaa na kuwa ya kahawia, na hapakuongezwa mengine. Kunguru wawili walikuwa kwenye mti wa jirani. Siwezi kuapa mahakamani kwamba sisi ndio tulioharibu. Yai huweza kuwa viza, na dume huweza kuuawa mbali akashindwa kuleta chakula. Lakini nimeyafikiria yale matawi mawili mara nyingi kuliko nilivyofikiria mambo makubwa zaidi maishani mwangu.

Watu hudhani kwamba madhara huja pale mtu anapopanda mti. Kumbe saa moja ya jike kuwa nje ya kiota inatosha. Yai hupoa asubuhi na kuungua mchana. Kinda asiye na manyoya ya kutosha hawezi kujikinga na jua. Kunguru na nyani hawahitaji mwaliko. Halafu kuna njia. Watu watano wakipita vichakani mara moja, wanaacha ushoroba ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuufuata kesho yake akiwa na manati. Na wageni hupenda kuja kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha na barabara ya kupanda Rondo ikiwa haitelezi, miezi ambayo katika ukanda huu tai wengi nao wako kwenye mayai au wana makinda machanga. Kalenda ya wageni na ya tai zimegongana, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Siku hizi limeongezeka jambo la simu. Picha iliyopigwa kwa simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa hatua chache, na mpigaji huenda hajui. Akiituma ikiwa bado na alama hiyo katika kundi la watu mia mbili, amewachorea ramani. Mtandao wa eBird, ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, unaoendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, huficha kwa makusudi mahali walipoonekana ndege wa spishi ilizoziweka katika orodha ya walio nyeti, na nadhani mtu anayechapisha picha kwa mkono wake anaweza kujitungia kanuni hiyohiyo.

Hata hivyo siamini kwamba siri peke yake inalinda kitu. Kijiji kinajua. Mrina asali anajua, mchoma mkaa anajua, mama anayechimba ming'oko, vile viazi vya porini, ukingoni mwa msitu amemsikia dume akilia angani kila asubuhi. Tukiwaficha wageni tu, tumemficha asiye na shoka.

Hapo ndipo huwa naikumbuka habari ya ziwa la Loch Garten kule Uskoti. Ndege wao mvuvi, Pandion haliaetus, ambaye huonekana kwa uchache hata katika pwani ya Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya, alikuwa ametoweka kama mzaliaji huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, akarudi mwaka 1954. Walinzi walijaribu kuificha habari yake. Mwaka 1958 mwizi wa mayai alipanda mti usiku, akayachukua, na kuacha mahali pake mayai ya kuku yaliyopakwa rangi. Mwaka uliofuata chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB, chini ya George Waterston, kilifanya kinyume: kilitangaza kiota, kikajenga kibanda cha kutazamia kwa mbali, kikaweka walinzi usiku na mchana, na watu 14,000 hivi walikuja msimu ule huku ndege wakilea. Kwa maneno mengine, macho mengi yaliyopangwa vizuri yalikuwa ulinzi bora kuliko ukimya.

Rafiki yangu mmoja wa Mtwara hunitolea mfano huo kila tunapobishana, akitaka tujenge kibanda kama kile. Namjibu kwamba anasahau vitu viwili. Kule kulikuwa na watu waliokesha chini ya mti kwa zamu, na leo kuna sheria ya mwaka 1981 inayomfanya mtu anayemsumbua kwa makusudi ndege wa aina hiyo kiotani kuwa mkosaji. Kibanda bila walinzi wanaolipwa ni kibao tu cha kuonyesha njia. Tukipata watu sita wa kijiji wenye mshahara wa msimu, nitakuwa wa kwanza kubeba mbao.

Na fedha za kijiji si ndoto. Kilwa kuna vijiji vyenye misitu yao ya hifadhi vinavyouza mpingo kwa utaratibu, na mwaka 2009 baadhi ya misitu hiyo, kwa kusaidiwa na shirika la uhifadhi ambalo leo huitwa MCDI, ilipata hati ya kimataifa ya FSC, inayothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuuharibu. Kama mti uliokatwa kwa kiasi unaweza kumshawishi mkulima asisafishe msitu wote kwa ajili ya ufuta, mti uliosimama na tai juu yake unaweza pia, ila malipo yafike kijijini, yasiishie kwangu mimi mwenye pikipiki na darubini. Katika safari zangu sasa theluthi ya malipo naikabidhi serikali ya kijiji mbele ya mgeni. Ni kidogo. Ufuta bado unalipa zaidi.

Wageni nawapandisha kilimani, ng'ambo ya bonde, saa tatu asubuhi hewa inapoanza kupata joto. Dume hupanda juu sana, kisha hushuka na kupanda tena kama mtumbwi kwenye mawimbi, akipiga kelele ambayo huisikia mtu aliye mbali sana. Kwa darubini ya miguu mitatu unaona hadi mistari ya mkia. Huyo ni tai mzima, anayefanya jambo lake, na hajui kwamba tupo. Wapo wanaosema hiyo si picha. Kwa picha wana haki.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia yule mzee. Macho yake yamepungua, siku hizi anayepanda mizinga ni mjukuu wake. Baada ya shikamoo na habari za korosho alinyamaza kidogo, kisha akasema kijana ameona majani mabichi juu ya mti, si ule wa zamani, mwingine. Alinitazama akingoja niulize ni mti gani. Nikamuuliza asali ya mwaka huu wanauza shilingi ngapi kwa lita.